Juu ya Vyombo Viingiavyo Mwilini, na Shaka Iliyo Halali

Hofu ya kuingiliwa mwilini na kitu kisichojulikana asili yake si hofu ya wajinga, wala si jambo geni katika nchi hizi za Afrika Mashariki. Babu zetu walioishi chini ya utawala wa Waingereza walisimuliana, tangu Mombasa hata mwambao wa ziwa letu la Viktoria, habari za mumiani, watu waliodhaniwa kuwateka wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili ifanywe dawa, na wengi waliamini kwamba wazimamoto wa serikali, pamoja na magari yao mekundu, ndio walioajiriwa kwa kazi hiyo. Wazimamoto hawakumnyonya mtu damu. Lakini wageni wenye sindano walikuwapo kweli, nao walipita vijijini wakichukua damu kwa uchunguzi wa maradhi, aghalabu bila ya kueleza inakwenda wapi, bila ya kurudi kusema wameona nini, na aliyekataa alihesabiwa mkaidi. Uvumi ule ulikosea mtuhumiwa na ukakosea tuhuma, lakini dhuluma iliyouzaa ilikuwapo: mwili wa mtu ulitumiwa na mwenye mwili hakuulizwa.

Leo uvumi huo umevaa nguo mpya hapa kwetu Mkula, njiani baina ya Lamadi na Bariadi. Vijana wameona katika simu zao habari za mtu wa Marekani aliyepandikizwa chombo ubongoni akaendesha kompyuta kwa fikira. Wazee wamesikia mahubiri juu ya alama ya mnyama na hesabu ya 666. Akina mama wameonyana kisimani kwamba kijiti cha uzazi wa mpango hupanda mpaka moyoni. Na sote twakumbuka, chanjo ya UVIKO-19 ilipofika katika mwaka 2021, jinsi ilivyosemwa kwamba ndani yake mna chipu. Mambo hayo yamefungwa katika furushi moja, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mwenye kuamini moja huona hana budi kuyaamini yote, na mwenye kulicheka moja huyacheka yote. Azma yangu katika makala haya ni kulifungua furushi hilo na kumpa msomaji kipimo kimoja awezacho kukitumia zahanati, mnadani, na mbele ya simu yake: kabla hujauliza kitu kitaingiaje mwilini mwako au katika siri zako, uliza kitatokaje, nani atakitoa, na kwa gharama ya nani.

Na tuanze na lile linalotisha kuliko yote. Chombo cha ubongo kipo. Kampuni ya Neuralink, ambayo Elon Musk na wenzake waliianzisha katika mwaka 2016, ilipata idhini ya mamlaka za Marekani ya kujaribu chombo chake kwa binadamu mwezi Mei 2023, na mwezi Januari 2024 kilipandikizwa kwa mara ya kwanza katika kichwa cha Noland Arbaugh, kijana aliyepooza tangu mabegani kwenda chini kwa ajali iliyompata majini. Ni kitu cha ukubwa wa sarafu, chenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele na ncha 1,024 za kupokea umeme mdogo wa ubongo. Ili kukiweka, fuvu hutobolewa, na nyuzi hushonwa na mashine maalumu kwa kuwa mkono wa mwanadamu hauwezi wembamba ule. Kijana huyo, ambaye hakuweza kushika hata kijiko, alicheza sataranji katika kompyuta kwa kufikiri tu, na mwenye moyo hawezi kusikia habari hiyo asifurahi. Baada ya wiki chache, hata hivyo, nyuzi nyingi zilivutika zikatoka mahali pake, uwezo wake ukapungua, na kampuni ikalazimika kuirekebisha programu ili zile chache zilizosalia zifanye kazi ya zote.

Mtu akiisha kufahamu hayo, habari ya chipu ndani ya sindano ya chanjo hukosa miguu ya kusimamia. Chombo kama hicho hakipiti katika tundu la sindano, hakiwekwi pasipo kupasua kichwa, na hakiwezi kufanya kazi pasipo umeme wa kukichaji. Nasema haya si kwa kumdharau aliyeamini, maana mwaka ule hata wakubwa wa dini na wa siasa walivutana hadharani, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya watu tarehe 28 Julai 2021. Nasema kwa sababu shaka ni mali, na mali ikitumiwa pasipostahili humwacha mwenyewe mikono mitupu siku ya haja.

Hofu hii ina mzizi mwingine, ambao sisi wafugaji tutauelewa upesi. Katika mwaka 1963, huko Cordoba nchini Hispania, mtaalamu José Delgado wa Chuo Kikuu cha Yale alisimama uwanjani mbele ya fahali wa kupigana ambaye alikuwa amekwisha tiwa waya ubongoni, na fahali alipomjia mbio, alibonyeza kitufe cha redio alichokuwa nacho mkononi, na fahali akasita akageuka. Walikuwapo wataalamu walioipinga tafsiri yake, wakasema kwamba hasira haikuzimwa hata kidogo, ila waya ule ulimpinda mnyama mwili akashindwa kwenda mbele. Lakini picha zilikwisha enea ulimwenguni, na watu wakajiuliza swali ambalo mpaka leo halijachakaa: kitufe kiko mkononi mwa nani? Miaka 24 baadaye, huko Grenoble nchini Ufaransa, tabibu Alim-Louis Benabid alianza kuwatia wagonjwa wa kutetemeka waya wa umeme katika kina cha ubongo, na mikono iliyokuwa haiwezi kushika kikombe ikatulia. Maelfu na maelfu ya watu wametibiwa kwa njia hiyo tangu hapo. Waya ni waya, na ubongo ni ubongo. Tofauti ya mgonjwa na fahali ni kwamba mgonjwa aliulizwa, akakubali, na aweza kusema basi, chombo kikazimwa.

Kuzima, lakini, si kutoa. Na kutoa si kutengeneza. Hapa ndipo penye hatari ambayo wahubiri wa alama ya mnyama hawaitaji kabisa. Kampuni moja ya California, Second Sight, ilitengeneza jicho la bandia liitwalo Argus II, likaruhusiwa Ulaya katika mwaka 2011 na Marekani katika mwaka 2013, na zaidi ya vipofu 350 duniani wakapandikizwa, wakaanza kuona nuru, vivuli na kingo za milango. Fedha zilipopungua, kampuni iliacha kukitengeneza chombo hicho, na katika mwaka 2020 ikawaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake. Watu wale walibaki na chuma ndani ya jicho, wengine kikiwafia ghafula, wengine wakitafuta kipuri kwa wenzao waliopandikizwa kama wao, na matabibu wao wakakosa wa kumwuliza. Hakuna aliyewanyonya damu. Hakuna aliyewatawala akili. Waliachwa tu, na kuachwa na chombo mwilini kwaweza kuwa kubaya kuliko kutokipata kamwe, kwani kukitoa ni upasuaji mwingine wenye maumivu na gharama yake.

Sasa namrudisha msomaji nyumbani, maana huenda hajui kwamba katika Kanda ya Ziwa hii wapo watoto wanaocheza, wanaochunga mbuzi na wanaosoma shule, hali ndani ya ubongo wao mna chombo. Nakusudia watoto waliozaliwa au waliougua wakapata maradhi ya kichwa kikubwa, ambayo maji yanayotengenezwa daima ndani ya ubongo hukosa njia ya kutokea, yakajaa, yakausukuma ubongo na fuvu changa la mtoto likapanuka. Tiba iliyozoeleka ni kupitisha mrija mwembamba tangu katika vyumba vya maji vya ubongo, chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hata tumboni, ambamo maji humwagikia na kunywewa na mwili. Na katikati ya mrija huo pana vali ndogo inayofunguka kwa kiasi. Upasuaji huu hufanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na wazazi wenye watoto hao wana chama chao kitaifa, kiitwacho ASBAHT, ambacho mzazi mpya atafaidika sana kukutana nacho, kwa kuwa hakuna ajuaye mashaka ya usiku wa homa kuliko mzazi mwenziwe.

Mzazi wa mtoto wa namna hii hukutwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Jirani humwambia kwamba ni mkono wa mtu, au ni shetani, na kwamba kichwa kikiguswa na kisu mtoto atakufa; basi huzunguka kwa bafumu, yaani waganga, mwezi huu kwa huyu na mwezi ujao kwa yule, mbuzi wakiuzwa na kichwa kikizidi, na kila juma lipitalo ubongo unaminywa na sehemu ya akili ambayo ingeokolewa haiokoleki tena. Simlaumu kwa kwenda kwa mfumu. Namsihi asingoje. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita mwili, ambaye utosi wake umevimba na kukaza hata akiwa ameketi ametulia, ambaye mishipa ya kichwa imetokeza, na ambaye macho yake yanaelekea chini hata weupe ukaonekana juu ya mboni, apelekwe hospitali kesho asubuhi, si baada ya kuuza pamba.

Jambo la pili ni lile nililoahidi: mrija huu una kutoka kwake, na mzazi asipoambiwa habari hizo siku ya kwanza, ameambiwa nusu. Hata katika nchi tajiri, yapata mirija 4 katika kila 10 ya watoto huharibika ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwa kuziba au kwa kuingiwa na vijidudu. Na mrija ukiziba, maji hurudi kujaa, na mtoto aliyekuwa mzima juzi huanza kutapika, kulia kwa kichwa, kusinzia kusiko kwa kawaida, na akicheleweshwa hufa. Tabibu Mmarekani Benjamin Warf, aliyekwenda Mbale nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali ya watoto ya CURE ilipofunguliwa huko, aliliona jambo hili kwa macho yake: kwamba mrija uliomfaa mtoto wa Boston, aliye karibu na hospitali na mama mwenye gari, waweza kuwa hukumu kwa mtoto wa kijiji kilicho mbali na mpasuaji, kwa sababu siku utakapoziba hakuna atakayefika kwa wakati. Aligundua kadhalika kwamba maradhi mengi ya watoto wale yalitokana na maambukizi ya miezi ya mwanzo ya maisha. Basi akaendeleza njia ya kuingiza kamera nyembamba ubongoni, kutoboa mlango mpya wa maji palepale ndani, na kuichoma sehemu inayoyatengeneza ili yapungue. Mtoto akatoka bila ya chombo chochote mwilini. Njia hiyo haimfai kila mtoto, maana hutegemea umri wake na sababu ya maradhi, lakini ilifundishwa kwa wapasuaji wa nchi nyingi, na katika mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur.

Mimi naiheshimu fikira ile kuliko uhodari wa mkono. Mtaalamu alisimama mbele ya chombo kinachofanya kazi, chenye kusifiwa na dunia nzima, akauliza kitakuwaje siku ya kuharibika, katika nyumba gani, na njia gani. Alifanya na jambo lingine dogo lenye mafunzo makubwa: aliulinganisha mrija wa bei ndogo uliotengenezwa India na ule wa bei kubwa wa Marekani, akaona matokeo hayakutofautiana. Kwa hiyo msomaji asiogope kwa sababu kitu ni rahisi, wala asitulie kwa sababu ni ghali.

Mwenye mtoto wa mrija, basi, ashike haya. Aulize kabla ya upasuaji kama njia isiyo na mrija yawezekana kwa mtoto wake, na akiambiwa haiwezekani aelezwe sababu. Arudi na karatasi yenye jina la upasuaji, tarehe, na upande wa kichwa mrija ulipopita. Awafundishe dalili za kuziba bibi, shangazi, dada wa nyumbani, na mwalimu wa darasa, kwani mama hayupo kila saa. Akae na nauli ya Mwanza isiyoguswa kwa jambo lingine, hata iwe ya kukusanywa kidogo kidogo katika kikundi, na awe na nambari ya simu ya mwenye gari atakayekubali kutoka saa nane ya usiku.

Nikitoka kwa watoto nawaendea mama zao, kwa maana chombo kilichomo katika miili mingi kuliko vyote hapa kwetu ni kijiti cha uzazi wa mpango, kiwekwacho chini ya ngozi ya mkono wa juu, kimoja kwa miaka 3 au viwili kwa miaka 5 kwa kadiri ya aina yake. Kwamba hupanda mpaka moyoni ni neno litokalo kinywani kwa urahisi kuliko linavyotokea katika miili. Kijiti kilichowekwa barabara hukaa mahali pake, na mwanamke aweza kukipapasa kwa vidole vyake mwenyewe, na kisa cha kijiti kusafiri mbali ni nadra mno. Asiyekisikia tena kwa vidole asikae na hofu yake nyumbani, aende akaonwe. Lakini nimewasikiliza akina mama, na naona kwamba nyuma ya habari ya moyo limejificha lalamiko jingine lililo la kweli kabisa: kukiweka ni rahisi, kukitoa ni kubembeleza. Siku ya kampeni wahudumu huja na meza na tabasamu. Siku ya kutaka kukitoa kabla ya muda, mwanamke huambiwa avumilie, au arudi juma lijalo, au akamlete mume, au kwamba ajuaye kutoa amehamishwa. Mwenye kukataliwa mlango wa kutokea atawezaje kuwazuia jirani zake wasiseme kwamba chumba kile ni gereza?

Nawaambia wahudumu wa afya kwa taadhima yote: mwanamke akiomba kijiti kitolewe, kitolewe, leo, bila ya kuhojiwa nia yake, kwa kuwa mmoja aliyetolewa kwa hiari atawaleta wengine kumi kwa amani, na mmoja aliyezuiliwa atawafukuza mia. Nawaambia akina mama: siku ya kuwekewa, kabla mkono haujatiwa ganzi, uliza, dada, hapa kituoni nani ajuaye kukitoa, na asipokuwapo niende wapi? Kama jawabu haliko bayana, una haki ya kuchagua njia nyingine, na njia nyingine zipo.

Yako mambo ambayo hayapasui ngozi na hata hivyo humwingia mtu zaidi ya kisu. Mwaka 2023, tangu mwisho wa Julai, maelfu ya watu walipanga foleni jijini Nairobi, hata katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ili wapigwe picha ya mboni za macho na tufe ling'aalo la mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, na kila mmoja apewe sarafu 25 za kidijitali, zilizokuwa na thamani ya yapata shilingi 7,000 za Kenya. Zaidi ya watu laki 3 walikuwa wamekwisha toa macho yao serikali ilipousimamisha mradi huo tarehe 2 Agosti. Bunge likaunda kamati, mashauri yakafunguliwa, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba ukusanyaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru picha na alama zile zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa kamishna wa ulinzi wa taarifa. Moja ya hoja zilizokubaliwa ni kwamba ridhaa iliyovutwa kwa fedha siyo ridhaa huru. Siwacheki waliopanga foleni, kwa maana njaa ina nguvu na shilingi 7,000 ni unga wa siku nyingi. Nawaonea uchungu, kwa sababu neno la siri la simu likiibwa hubadilishwa, na laini ikiibwa hufungwa, lakini mboni ya jicho Mwenyezi Mungu ameitoa mara moja, na ikishachukuliwa hakuna ofisi ya kuombea nyingine.

Sisi Tanzania tulitoa vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia kikomo chake tarehe 20 Januari 2020 baada ya muda kuongezwa, ulikuwa na sababu njema ya kuwazuia matapeli, na siupingi. Ninachokipinga ni namna tunavyokiweka kidole mezani kwa wakala wa chini ya mwavuli siku ya mnada, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, tukiambiwa mashine haijakamata, pasipo kuuliza kila mguso umesajili nini. Wako watu waliokuja kugundua kwamba laini wasizozijua zimeandikwa kwa majina yao. Dawa yake haina gharama: bonyeza *106# katika simu yako, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda dukani kwa mtandao wenyewe ukatake ifutwe. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Fanya hivyo leo, kisha umfanyie na mzee wako asiyejua kusoma maandishi ya simu.

Na ile mikopo ya simu, ambayo wenyewe twaiita kausha damu, nayo imo katika hesabu hii. Mtu huipakua programu, hubonyeza kukubali mara kadhaa bila ya kusoma, akapewa shilingi elfu ishirini, na kumbe ameruhusu kitabu chote cha namba zake kisomwe. Siku akichelewa, shemeji, mchungaji na mwajiri wake hupokea ujumbe wa kumwaibisha. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mwenye haja ya kukopa aulizie leseni kwanza, na programu inayotaka kusoma majina ya jamaa zake ili impe fedha aikatae, kwa kuwa majina yale si mali yake peke yake. Ni amana aliyowekewa na wenziwe.

Tunayo sheria, na sheria isiyotumiwa hupata kutu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hiyo waweza kumwuliza yeyote aliyezichukua taarifa zako ni zipi alizonazo, waweza kutaka zilizokosewa zisahihishwe na zisizostahili zifutwe, na waweza kuipelekea Tume malalamiko; na taarifa nyeti, kama za afya na za maumbile ya mwili, zadai ridhaa iliyo katika maandishi. Anayekuja kufanya utafiti juu ya miili ya watu hana budi kuwa na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vifaa vya tiba vyasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hayo si mambo ya mawakili wa mjini peke yao. Mwenyekiti wa kitongoji aweza kusema, kwa upole na kwa heshima, tuonyeshe kibali, na mgeni mwema hatakasirika.

Wasukuma tulikuwa na dagashida, baraza ambalo neno zito halikupita pasipo kuzungushwa mbele ya wote, na ningependa kila mradi unaogusa miili au siri za watu uletwe katika mkutano wa kijiji kwa namna hiyohiyo, kabla ya meza kupangwa na si baada yake. Wageni waulizwe hapo mbele ya watu watakuwa wapi baada ya miaka 5. Kifaa kikiharibika kitatengenezwa Mkula, Bariadi au Mwanza, na nauli ni ya nani. Asiyetaka ataendelea kupata huduma nyingine kama mwenziwe au atanyimwa. Na aliyekubali leo akikataa kesho, kitu chake kitatolewa na taarifa zake zitafutwa na nani. Majibu yaandikwe katika muhtasari, yatiwe sahihi na mgeni na mwenyekiti, na nakala ibaki katika ofisi ya mtendaji, mahali ambapo mtu yeyote wa kijiji aweza kwenda kuisoma au kusomewa.

Kwa mtu mmoja mmoja, aliyewekewa kijiti, mrija, chuma cha mfupa, betri ya moyo au chombo chochote kile, daftari la mtoto wa shule latosha: ukurasa mmoja wenye jina la chombo kama lilivyo katika pakiti yake, tarehe ya kuwekwa, kituo, tarehe ya kukitoa au ya kukikagua, na dalili za kumrudisha mtu hospitali mbio. Pakiti yenyewe, yenye nambari zake, iombwe kwa mhudumu kabla haijatupwa, ibanwe katika ukurasa huo. Na nakala ya ukurasa huo apewe mtu mwingine mmoja ndani ya ukoo, yule ambaye, siku mwenye chombo hawezi kusema, ndiye atakayepanda naye gari.